Ukinunua pori, hujanunua swara

 Natumai umekwisha kupata chai, na kwamba gazeti hili halijaporwa na vijana wanaotaka kurasa za michezo. Leo nataka tuzungumze kuhusu jambo ambalo wakazi wengi wa mijini hulitafakari kila mwisho wa mwezi, hasa siku ile mwenye nyumba anapobisha mlango: kuuacha mji na kwenda kununua shamba la bei nafuu mbali na kelele, mahali ambapo mtu anaweza kupumua.

Ndoto hii si mbaya hata kidogo. Anayeishi katika chumba kimoja Kayole au Kawangware, anayenunua maji kwa mtungi na kuamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi matatu, ana haki ya kuota ekari zake tano. Hata yule wa Buruburu mwenye vyumba vitatu huota. Na ndoto ikishaanza, wapo walio tayari kuiuza. Matangazo yako kwenye nguzo za stima, redioni na kwenye simu. Bango lina nyumba yenye paa jekundu, mgunga mmoja na Mlima Kenya kwa nyuma, na chini yake bei ambayo hapa Nairobi haikupatii hata mahali pa kuegesha gari. Ardhi yenyewe iko Rumuruti, au ng'ambo ya Kajiado, au Makindu, au karibu na Voi. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Jiulize, ni kwa nini shamba hilo linatembezwa mpaka mlangoni kwako?

Kuna jambo jingine ambalo haliandikwi kwenye bango, bali hunong'onwa na wanaume wakiketi pamoja. Dalali humwambia mteja, "Huko, ndugu yangu, swara wanatembea kama mbuzi. Wewe utanunua nyama ya nini?" Mteja anacheka, lakini moyoni ameshaona mishikaki. Pengine anakumbuka kwamba babu yake alikuwa mwindaji. Kwa Wakamba na Wataita wapo wengi waliosimuliwa habari hizo, na kwa Waata wa upande wa Tsavo uwindaji wa ndovu kwa upinde mkubwa na mshale wa sumu ulikuwa ndiyo maisha yenyewe. Basi mtu huyu anapopiga hesabu ya kuhama, anaondoa kabisa gharama ya kitoweo. Anamwambia mama watoto kwamba maziwa yatatoka kwa ng'ombe na nyama itatoka porini.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo.

Sheria inasemaje?

Uwindaji wa kujiburudisha ulipigwa marufuku nchini Kenya mnamo Mei 1977. Mwaka uliofuata, 1978, biashara ya pembe, ngozi na nyara nyingine za wanyama ikafungwa. Tangu wakati huo serikali kadhaa zimekuja na kuondoka, na mjadala wa kuufungua tena umezuka mara nyingi, lakini mlango haujafunguliwa. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliendeleza marufuku hayo. Nayo haimlengi tu tajiri mwenye bunduki anayetaka kichwa cha nyati ukutani. Inamgusa pia mtu wa kawaida anayetega waya ili apate kitoweo cha jioni, na hata yule anayekutwa na nyama sufurianini asiweze kuieleza ilikotoka. Faini ipo, na kifungo kipo.

Utauliza, "Je, kama swara ameingia mwenyewe katika shamba langu, lenye hati iliyoandikwa jina langu?" Jibu ni lile lile. Hati ya kumiliki ardhi hukupa udongo, majani yaliyoota juu yake na nyumba utakayojenga. Haikupi mnyamapori. Yule swara yuko chini ya dhamana ya serikali kwa niaba ya wananchi wote. Leo amelala kwako, kesho yuko kwa jirani, na nyote wawili hamna idhini ya kumchinja.

Wapo wasomaji wenye umri kama wangu watakaosema kwamba walikula nyama ya pundamilia au kongoni Nairobi, hadharani, tena kwa risiti. Hawakosei. Katika miaka ya 1990 serikali ilijaribu mpango wa kuwaruhusu baadhi ya wenye ranchi kuvuna idadi maalum ya wanyama, na nyama ikauzwa hata hotelini. Mpango huo ulisimamishwa mwaka 2003. Kwa hivyo dalali akikwambia leo kwamba "wenye ranchi huruhusiwa", mjibu kwa upole kwamba kalenda yake imepitwa na wakati.

Wengine hutazama video za Wamarekani wanaohama miji, wakanunua kipande cha msitu kwa bei ya chini na kuwinda kulungu kila msimu, na hushangaa kwa nini sisi tusifanye hivyo. Lakini hata Marekani mnyamapori si mali ya mwenye shamba. Yuko chini ya jimbo, na kwa kawaida mwindaji sharti awe na leseni, angoje msimu na asipitishe idadi aliyowekewa. Afrika Kusini wana sheria ya mwaka 1991 inayomlinda mwenye shamba aliyewazungushia wanyama wake ua wa kutosha, ili wakitoroka wasihesabiwe kuwa si wake tena. Hapo jirani Tanzania uwindaji wa kitalii unaruhusiwa, lakini hufanyika katika vitalu vinavyogawiwa kwa utaratibu wa serikali, si katika shamba ulilonunua kwa akiba yako. Kila nchi ina njia yake. Yetu sisi ilifungwa mwaka 1977, na anayenunua ardhi Kenya ananunua chini ya sheria za Kenya.

Na kuna sababu ya ukali huo. Watafiti waliochunguza hesabu za wanyama katika maeneo yetu ya malisho walieleza mwaka 2016 kwamba, tangu 1977, idadi ya wanyamapori huko ilikuwa imepungua kwa wastani wa asilimia 68. Fikiria hilo, msomaji. Uwindaji ulikuwa umefungwa kwa miaka hiyo yote, na bado wamepungua kiasi hicho. Ujangili una lawama yake, na ukame pia. Lakini sababu nyingine ni ua, mashamba na vijiploti, yaani mimi na wewe tuliotoka mjini kutafuta mahali pa kupumua.

Kwa nini ni bei nafuu?

Tumalize habari ya nyama, tuje kwenye ardhi yenyewe. Chukua mfano wa Laikipia, kwa kuwa hadithi yake ni funzo kwa kila mnunuzi. Baada ya uhuru, baadhi ya ranchi kubwa zilizokuwa za walowezi zilinunuliwa na kampuni za kununua ardhi. Watu wa kawaida, wengi wao kutoka Mkoa wa Kati wa wakati huo, walichanga pesa zao, wakapewa hisa, na ranchi zikakatwa vipande vya ekari chache kila mmoja. Kwenye ramani kila kitu kilipendeza. Lakini mpimaji alipochora mistari yake hakuuliza mvua inanyesha kiasi gani. Wengi walikwenda, wakatazama, wakarudi walikotoka na hati zao mfukoni. Vipande vingi havikuwahi kukaliwa. Wafugaji huvitumia kulisha mifugo, na ndovu hupita humo kama walivyopita zamani. Baadhi ya vipande vya aina hiyo, au watoto wa vipande hivyo, ndivyo unavyotangaziwa leo.

Nyanda za Laikipia hupata mvua ya takriban milimita 400 hadi 750 kwa mwaka, kutegemea uko karibu au mbali na mlima. Mahindi yanaweza kukubali, hasa yale ya muda mfupi kama Katumani, lakini ni iwapo mvua itakuja kwa mpango. Nayo mara nyingi huja siku kumi ikajimwaga yote, kisha ikakuaga.

Hebu tupige hesabu ya maji, maana mali bila daftari huisha bila habari. Tuseme umejenga nyumba yenye paa la mita 50 za mraba, na umeweka mifereji mizuri ya kukinga mvua. Kila milimita moja ya mvua hukupa lita 50. Mvua ya milimita 500 kwa mwaka mzima ni lita 25,000, hapo ni kama hakuna hata tone lililomwagika na tangi lako ni kubwa la kutosha. Sasa, familia ya watu watano inayotumia mitungi mitano tu ya lita 20 kwa siku inahitaji lita 36,500 kwa mwaka. Umepungukiwa na lita 11,500, na bado hujamnywesha kuku, hujamwagilia sukuma wiki, wala mgeni hajaja. Upungufu huo utabebwa na nani? Kwa desturi yetu tunamjua. Utabebwa mgongoni na mama watoto na wasichana wako.

Tupige na ya ng'ombe. Katika nchi kavu kama hiyo ng'ombe mmoja anaweza kuhitaji ekari kumi au zaidi za malisho ili aishi bila kununuliwa majani. Wewe una tano. Una nusu ya ng'ombe. Mfugaji wa pale anafaulu kwa sababu haiti ekari tano shamba; anahama na mifugo kufuata mvua. Siku utakapozungusha ua wako, utakuwa umemfungia njia, na siku atakapokosa njia atapitia kwako.

Majirani ambao hawakutajwa

Zaidi ya nusu ya wanyamapori wa Kenya huishi nje ya mbuga, katika ardhi ya watu. Kwa hivyo unaponunua pale ambapo "swara wanatembea kama mbuzi", elewa kwamba swara hatembei peke yake. Anayemla swara yuko nyuma yake. Na ndovu, ambaye ndiye mwenye njia, yuko pia.

Ndovu mzima anaweza kula kilo 150 za majani kwa siku na kunywa zaidi ya lita 100 za maji. Tangi lako la plastiki analiona kama wewe unavyoiona bilauri. Huja usiku, mahindi yanapoanza kukomaa, na kazi ya miezi mitatu hukamilika kwa saa moja. Mchana nyani huchukua zamu, na hao hutofautisha kabisa mwanamume mwenye rungu na mtoto mwenye kijiti. Nungunungu hufukua viazi na mihogo. Fisi huja kuhesabu mbuzi wako.

Siyasemi haya kukutisha. Watu wanaishi huko, tena wanaishi vizuri, lakini wamejifunza. Kule Sagalla, kando ya mbuga ya Tsavo Mashariki, wakulima wamezungushia mashamba yao mizinga ya nyuki iliyoning'inizwa kwenye waya. Ndovu akigusa waya mizinga hutikisika, nyuki hutoka, na yeye hugeuza, maana mnyama huyo mkubwa huwaogopa nyuki. Utafiti wa mbinu hiyo umeongozwa na Dkt. Lucy King. Mkulima hubaki na mahindi na asali pia, ingawa si kila ndovu wala kila usiku. Kusini mwa mbuga ya Nairobi, mvulana wa Kimaasai, Richard Turere, alianza akiwa na umri wa miaka 11 kutega taa zinazomwekamweka kuzunguka boma la baba yake, ili simba wadhani kuna mtu anayezunguka na tochi. Taa hizo zimeigwa kwingi. Yote haya ni kazi, ni gharama na ni usiku wa kukesha. Ujue unanunua na hayo.

Na likitokea lisilosemeka, sheria ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama aliyeorodheshwa, shilingi milioni 3 kwa aliyelemazwa kabisa, na hadi shilingi milioni 2 kwa jeraha jingine. Mazao na mifugo pia imetajwa. Lakini waulize waliowahi kudai, nao watakwambia ni fomu ngapi walijaza na walingoja kwa muda gani. Hakuna familia inayopaswa kuhama Nairobi ikitegemea fidia.

Kwa sababu hiyo ndiyo maana nasema wazo la kuwinda lina hatari kuliko linavyoonekana. Anayefika mahali hapo akiwa na tamaa ya nyama huanza kwa mtego mmoja wa waya nyuma ya nyumba. Waya hauchagui. Leo humshika digidigi, kesho humshika ndama wa jirani, keshokutwa hukata mguu wa ndovu ambaye hatakufa pale pale bali atazunguka na hasira na kidonda katika njia ile ile wanayopitia watoto kwenda shule. Mgeni aliyekuja juzi na tayari ameharibu ujirani na wafugaji, na askari wa wanyamapori wanamtafuta, hana mahali pa kukimbilia. Mjini alikwisha kurudisha ufunguo.

Karatasi kabla ya jembe

Tuseme umeyasikia yote hayo na bado moyo wako uko huko. Vyema. Basi fuata utaratibu, na usimwachie dalali afuate kwa niaba yako.

Kwanza, fanya sachi katika sajili ya ardhi, wewe mwenyewe au wakili wako, usipokee nakala uliyoletewa kwenye bahasha. Siku hizi baadhi ya sajili ziko katika mfumo wa kompyuta wa Ardhisasa uliozinduliwa mwaka 2021. Sachi itakwambia jina la mwenyewe, na kama kuna mkopo au zuio.

Pili, mchukue mpimaji aliyesajiliwa akuonyeshe bikoni, si kidole cha dalali kinachoelekea upeo wa macho.

Tatu, kwa ardhi ya kilimo, mauziano lazima yapate kibali cha bodi ya ardhi ya eneo hilo. Sheria inataka maombi yapelekwe katika muda wa miezi sita tangu mkataba kutiwa sahihi, na bila kibali mauziano hayana nguvu. Fika mbele ya bodi mwenyewe, na uhakikishe mke au mume wa muuzaji amekubali. Muuzaji anayesema mkewe "yuko safarini" kila unapomuuliza, mwache naye asafiri.

Nne, ukiambiwa ardhi ni ya jamii au iliwahi kuwa ranchi ya kikundi, uliza zaidi. Tangu Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, ardhi kama hiyo haiuzwi na mzee mmoja mwenye kofia na muhuri. Uamuzi mkubwa wa namna hiyo huhitaji thuluthi mbili ya wanajamii waliosajiliwa.

Tano, nenda afisi ya mipango ya ardhi ya kaunti na afisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori iliyo karibu, uulize kama ploti yako iko kwenye mapito ya wanyama. Swali hilo ni la bure, na kuuliza si ujinga.

Anayeona utaratibu huu ni mrefu akumbuke Mavoko. Mnamo Oktoba 2023 nyumba nyingi zilibomolewa huko, baada ya mahakama kuamua kwamba ardhi ilikuwa ya kampuni ya saruji. Baadhi ya waliobomolewa walikuwa wamelipa, wakapewa karatasi na kujenga maghorofa. Ilikuwa ni nchi tupu tu walipoonyeshwa.

Kikao cha nyumbani

Nimeacha la maana zaidi mwisho, kwa kuwa ukurasa huu ni wa familia. Ardhi nyingi za namna hii hununuliwa kwa siri. Bwana hupata kiinua mgongo, au malipo ya kuachishwa kazi, akalipa, kisha akaja nyumbani na hati kama zawadi ya Krismasi. Anashangaa bibi hashangilii. Bibi hashangilii kwa sababu amekwisha kuona yale ambayo bwana hakuyaona: zahanati iko umbali gani, shule ina walimu wangapi, maji yatatoka wapi, na biashara yake ndogo ya mtumba itauziwa nani pale penye miiba.

Wala si wanaume peke yao. Wapo akina mama waliochanga katika chama kwa miaka, wakanunua vipande kumi kwa pamoja bila hata mmoja wao kukanyaga pale, kwa kuwa mwenyekiti alikwenda na akasema ni pazuri. Pesa ni zenu. Kodini matatu mwende nyote.

Tena msiende mwezi wa Mei wakati kila mahali ni kijani na hata jangwa linavutia. Nendeni Februari au Septemba, vumbi likiwa juu na mito ikiwa mchanga. Lalenimo siku tatu, si saa tatu. Msikilize usiku. Asubuhi mama na aende na wanawake wa pale kuteka maji, kwa mwendo wao, ajue ni saa ngapi. Baba akae na wazee awaulize ndovu hupita wapi, na alimalizikia wapi mtu wa mwisho aliyetoka Nairobi. Watoto wakubwa waulizwe pia, maana ndio watakaotembea kwenda shule.

Kama inawezekana, kodisha ekari moja kwa misimu miwili kabla ya kununua. Mmoja wenu abaki na kazi mjini mpaka mavuno ya kwanza yaingie ghalani. Na katika daftari la bajeti, pale palipoandikwa "nyama: bure", futa, uandike bei ya bucha ya sokoni, na gharama ya boma la kuku. Hesabu ikikubali bila swara, basi mna shamba. Ikikataa, hamkuwa na shamba tangu mwanzo.

Je, mnyama hana faida yoyote kwa mwenye ardhi? Anayo, akiwa hai. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango upande wa Kitengela wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka, mradi wasizungushe ua, wasigawe vipande wala wasiue wanyama, ili mapito ya kutoka mbuga ya Nairobi yabaki wazi. Lewa, iliyokuwa ranchi ya ng'ombe, ilianza na hifadhi ya vifaru mwaka 1983, leo inajulikana duniani. Sheria ya 2013 inawatambua wenye ardhi wanaoungana kuunda hifadhi zao. Lakini angalia vizuri: dola 4 mara ekari tano ni dola 20 kwa mwaka. Faida hiyo humfaa mwenye ekari mia, au majirani wengi walioamua kuacha ardhi yao wazi kwa pamoja. Anayefika peke yake na seng'enge yake hatapata.

Kwa hivyo, msomaji wangu, sikukatazi kuuacha mji. Nimewaona waliohama wakanawiri, wakafuga nyuki, wakapanda mtama na pojo, wakajua majina ya majirani zao kuliko walivyowahi kuyajua Nairobi. Ninachokuomba ni kwamba jioni ya leo, kabla ya chakula, ulizime televisheni na uiweke ile karatasi ya dalali mezani, mbele ya wote. Mpe kila mmoja nafasi ya kuuliza swali moja, kuanzia mdogo. Maswali msiyoweza kuyajibu yaandikeni, myachukue muende nayo mwezi wa Septemba.

Tukijaliwa, tukutane Jumapili ijayo.